Ni Sauti ya Nani? Nyimbo Tatu za Michael Jackson na Biashara ya Kanda za Marehemu

Jumatatu, Novemba 8, 2010, wimbo mmoja uliwekwa kwenye tovuti rasmi ya Michael Jackson. Uliitwa "Breaking News". Mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki tangu Juni 25, 2009, mjini Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 50, na mashabiki walikuwa na kiu ya kusikia chochote alichokiacha studio. Wimbo huo ulitolewa kama kionjo cha albamu mpya iliyopangwa kuingia sokoni mwezi uliofuata. Badala ya shangwe likazuka swali: huyu anayeimba ni nani?

Swali hilo halikuletwa na mahasimu wake. Lililetwa na watu waliomsikiliza tangu utotoni, wanaojua anavyovuta pumzi kabla ya kuingia kwenye kiitikio na anavyoikata silabi ya mwisho ya neno. Siku ile ile walianza kuweka vipande vya wimbo huo sambamba na rekodi zake za miaka ya nyuma, sekunde kwa sekunde, na wengi wakasema hawamsikii. Dada yake, La Toya, akasema hivyo hivyo hadharani. Taryll na TJ, watoto wa kaka yake Tito, nao wakapinga waziwazi. Mzozo huo ulidumu miaka 12 na kupanda ngazi zote tatu za mahakama za California.

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili jambo hili haliko mbali kama linavyoonekana. Jackson alifika Tanzania Februari 1992, katika ziara iliyompitisha pia Gabon na Ivory Coast, akapokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi. Miaka mitano kabla ya hapo, kwenye albamu ya "Bad" ya mwaka 1987, alikuwa ametoa "Liberian Girl", wimbo unaofunguliwa na maneno ya mapenzi ya Kiswahili. Wako waliodhani ni yeye mwenyewe aliyejifunza lugha yetu. Sauti ile ni ya Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, na taarifa za albamu zilimtaja kwa jina. Aliyetaka kujua nani kasema nini aligeuza kava akasoma. Mnunuzi wa muziki hakuwa na shahidi mwingine: hakuwepo studio, hakuona maiki, hakumjua fundi. Alikuwa na masikio yake na maandishi ya nyuma ya kava, basi. Mambo huharibika pale masikio yanaposema hivi na kava linasema vile.

Biashara ya kuuza sauti za marehemu ilikuwepo kabla Jackson mwenyewe hajaingia studio. Buddy Holly alipokufa kwa ajali ya ndege Februari 3, 1959, akiwa na miaka 22, aliacha kanda alizojirekodi nyumbani kwake New York, yeye na gita lake tu. Kampuni ikaziona ni mali. Mtayarishaji Jack Hansen akaziongezea ala na waitikiaji mwaka ule ule. Baadaye Norman Petty, aliyekuwa mtayarishaji wa Holly enzi za uhai wake, akazichukua kanda hizo hizo na kuzipigia muziki mwingine kabisa. Kwa hiyo zikawepo nyimbo zenye sauti moja ya marehemu na bendi mbili tofauti nyuma yake, na hakuna hata moja ambayo Holly aliisikia. Mashabiki wa wakati ule hawakuwa na shaka kwamba ni yeye. Shaka yao ilikuwa juu ya ladha: je, hivi ndivyo angependa?

Jim Reeves, ambaye nyimbo zake zilipigwa sana redioni Kenya na Tanzania, alifuata njia hiyo hiyo. Ndege aliyokuwa akiiendesha ilianguka karibu na Nashville Julai 31, 1964. Miaka miwili baadaye "Distant Drums" ukashika namba moja Uingereza kwa wiki tano. Ulikuwa wimbo wa majaribio tu, aliourekodi bila kukusudia uuzwe. Okestra iliwekwa baada ya yeye kuzikwa. Kampuni yake ya kurekodi, RCA, haikuishia hapo. Mwaka 1981 ilitoa wimbo wa Reeves akiimba pamoja na Patsy Cline, aliyekufa kwa ajali ya ndege Machi 1963. Wawili hao hawakuwahi kuingia studio pamoja. Mafundi walizikata sauti zao kutoka kanda mbili tofauti na kuzishona ziwe mazungumzo ya mapenzi. Wasikilizaji waliupokea vizuri, na sababu ni rahisi kuiona: kila mtu alijua wote wawili wamekufa, hivyo hakuna aliyedanganywa.

Kwa Jimi Hendrix hali ilikuwa chungu zaidi. Alifariki London Septemba 18, 1970, akiwa na miaka 27, na kuacha shehena ya kanda ambazo hazijakamilika. Mtayarishaji Alan Douglas alipokabidhiwa kazi, alifuta wapiga ngoma na besi waliokuwa na Hendrix siku ya kurekodi, akaingiza wanamuziki wa kukodi ambao hawakuwahi kupiga naye. Albamu ya "Crash Landing" ya mwaka 1975 ilitoka hivyo, huku Douglas akijiandika kuwa mtunzi mwenza wa baadhi ya nyimbo. Mashabiki hawakumsamehe. Wakati huo huo sokoni kulikuwa na santuri zenye picha kubwa ya Hendrix mbele, ambazo ukizisikiliza husikii gita lake popote. Ni kanda za watu wengine zilizovalishwa jina lake. Walioziumbua ni wakusanyaji wa santuri, waliokaa na orodha za tarehe na studio wakilinganisha kanda kwa kanda. Familia ilirudishiwa haki zake mwaka 1995, na kazi ya kuzipanga upya kanda ikapewa Eddie Kramer, fundi sauti aliyekaa na Hendrix mwenyewe mbele ya mitambo.

Kisha kuna kisa cha Jimmy Ellis, ambacho kinasogea karibu zaidi na cha Jackson. Elvis Presley alifariki Agosti 16, 1977. Mwaka uliofuata Shelby Singleton, aliyekuwa mmiliki wa Sun Records wakati huo, kampuni iliyomtoa Elvis, alitoa rekodi za zamani za Jerry Lee Lewis zikiwa zimeongezwa sauti ya pili. Kava lilisema ni Jerry Lee Lewis na marafiki, bila kuwataja marafiki hao. Sauti ilikuwa ya Elvis mtupu, na uvumi ukaenea kwamba kanda ya siri imepatikana. Mwimbaji alikuwa Ellis, kijana wa Alabama aliyezaliwa na koo la namna ile. Baadaye kampuni ilimvalisha barakoa, ikampa jina la Orion na kumzungusha majukwaani, huku kava la albamu yake ya kwanza ya mwaka 1979 likionyesha jeneza. Baadhi ya mashabiki waliamini Elvis amefufuka. Ellis alikuwa na kipaji cha kweli, na alikufa mwaka 1998 akiwa bado anajulikana zaidi kwa sauti ya mtu mwingine. Kampuni haikuandika uongo kwenye kava. Iliacha nafasi wazi, na mashabiki wakaijaza kwa matumaini yao wenyewe.

Huo ndio urithi uliokuwepo Jackson alipofariki.

Ili kuelewa kwa nini mashabiki wake walisimama kidete, inafaa kuingia studio alimofanya kazi. Fundi wake mkuu kuanzia "Off the Wall" ya 1979 hadi miaka ya 1990 alikuwa Bruce Swedien. Swedien alimwekea Jackson jukwaa dogo la mbao chini ya maiki, kwa sababu Jackson hakuweza kuimba amesimama tuli. Alicheza, alipiga vidole, alikanyaga mdundo kwa mguu. Fundi mwingine angezifuta kelele hizo. Swedien aliziacha ndani ya rekodi, akisema ni sehemu ya sauti yenyewe. Taa zilizimwa. Jackson hakushika karatasi ya maneno, kwani alikuwa amekwisha kuyakariri usiku uliotangulia. Akirekodi uitikiaji, aliimba mstari, akaurudia papo hapo aliposimama, kisha akarudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye maiki na kuuimba tena, ili chumba nacho kisikike. Alifanya hivyo kwa kila sauti ya juu, ya kati na ya chini. Kwa hiyo wimbo mmoja wa Jackson huacha nyuma yake rundo la njia za sauti: majaribio, marudio, kicheko, maelekezo kwa fundi, vidole, pumzi.

Hata kabla ya studio aliacha alama. Hakuandika noti; alitunga kwa mdomo, akiimba besi, kisha ngoma, kisha vyombo vya nyuzi, vyote kwenye kinasa sauti. Mwaka 1994, aliposhitakiwa Denver na mwimbaji aliyedai kuibiwa wimbo wa "Dangerous", Jackson alipanda kizimbani akaeleza hatua kwa hatua jinsi wimbo ulivyozaliwa, akaimba na kupiga mdundo kwa kinywa mbele ya baraza la mahakama. Alishinda. Mashabiki wake wanaijua kesi hiyo vizuri, na iliwafundisha jambo moja: ukitilia shaka wimbo wa Jackson, omba kanda zake za awali. Huwa zipo.

Msimu wa vuli wa 2007 Jackson na watoto wake watatu walikaa miezi kadhaa New Jersey kwa familia ya Cascio. Walijuana tangu miaka ya 1980, baba wa familia alipokuwa akifanya kazi katika hoteli ya New York ambako Jackson alifikia. Eddie Cascio, mmoja wa wana wa nyumba hiyo, alikuwa na studio ndogo kwenye chumba cha chini. Baada ya kifo cha Jackson, Cascio na mwenzake James Porte walijitokeza na nyimbo 12, wakisema walizirekodi pamoja naye katika chumba hicho. Kwamba Jackson alikaa pale hakuna anayebisha. Kinachobishaniwa ni kama aliziimba.

Machi 2010 wasimamizi wa mirathi, wakili John Branca na mtu wa muziki John McClain, waliingia mkataba na Sony ambao vyombo vya habari viliripoti kuwa ungeweza kufikia dola milioni 250 kwa miradi 10 ndani ya miaka saba. Mirathi ilikuwa na madeni makubwa. Kampuni ilihitaji nyimbo, na mirathi ilihitaji fedha. Ikumbukwe pia kwamba kabati la Jackson halikuwa limepangwa vizuri. Oktoba 2009 wimbo wa "This Is It" ulipotolewa kama wimbo mpya, Paul Anka aliutambua mara moja: aliutunga yeye na Jackson mwaka 1983, na mwimbaji Sa-Fire aliwahi kuutoa mwaka 1991 kwa jina la "I Never Heard". Mirathi ilikiri na kumpa Anka nusu ya mapato. Sauti ilikuwa ya Jackson bila shaka yoyote, lakini maelezo yake yalikuwa na kasoro, na kosa hilo lilitosha kumfanya mtu makini aongeze uangalifu.

Albamu ya "Michael" ilitoka Desemba 2010 ikiwa na nyimbo 10. Saba hazikuwa na ubishi wa sauti, kwa sababu kila moja ilikuwa na historia inayofuatika. "Much Too Soon" ni utunzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. "Behind the Mask" ulitokana na kundi la Kijapani la Yellow Magic Orchestra, Jackson akauongezea maneno, na Eric Clapton akawahi kuurekodi mwaka 1986. "Hold My Hand" aliouimba na Akon ulikuwa umevuja tangu 2008, Jackson akiwa hai. Tatu zilizobaki, "Breaking News", "Monster" na "Keep Your Head Up", zilitoka kwa Cascio na Porte. Hizo hazikuwa na nyayo. Hakuna aliyewahi kuzisikia zikitajwa na Jackson mwenyewe, na mashabiki waliomba wasikilizishwe rekodi ghafi: majaribio yaliyoharibika, maneno kati ya wimbo na wimbo, chochote. Hawakupewa.

Walichopewa ni tamko. Novemba 2010 wakili wa mirathi, Howard Weitzman, alieleza kwamba watayarishaji na mafundi waliowahi kufanya kazi na Jackson walikusanywa, wakasikilizishwa sauti tupu bila muziki, na wakathibitisha ni yeye. Wataalamu wawili wa uchunguzi wa muziki pia walifika uamuzi huo huo. Teddy Riley, mtayarishaji mkubwa aliyefanya kazi kwenye "Dangerous" na aliyekamilisha baadhi ya nyimbo za Cascio, alisema sauti inasikika tofauti kwa sababu ilipitishwa kwenye programu ya kurekebisha kimo cha sauti. Desemba familia ya Cascio ilikwenda kwenye kipindi cha Oprah Winfrey kueleza upande wao. Cascio na Porte hawajawahi kukubali kwamba nyimbo ni feki. Mwimbaji mmoja Mmarekani, ambaye sauti yake ilikuwa imewahi kudhaniwa ni ya Jackson, alitajwa sana na mashabiki. Upande wake ulikana kuhusika. Miaka mitatu baadaye Riley alijitenga na msimamo wake wa awali, akaandika hadharani kuwa alitegewa mtego.

Mashabiki hawakuridhika, na namna walivyofanya kazi inastahili heshima. Hawakuishia kusema "moyo wangu umekataa". Walizitenga sauti na muziki. Walipima mtetemo: sauti ya Jackson ikivutwa mwishoni mwa mstari hutetema kwa mwendo wake wa pekee, na ya kwenye nyimbo hizo, walisema, ilitetema haraka na kwa wembamba mwingine. Walisikiliza anavyotamka irabu. Waligundua kwamba baadhi ya vilio na miguno vilivyosikika vya Jackson kweli vilifanana mno na vya nyimbo za zamani, kana kwamba vimenakiliwa na kubandikwa. Wengine walitafuta vidole na mguu kwenye mbao. Damien Shields, mwandishi wa Australia aliyekwisha kuchapisha kitabu juu ya nyimbo za Jackson zilizobaki studio, alitumia miaka kufuatilia mkasa huu hadi akautengenezea mfululizo wa podikasti uitwao "Faking Michael". Watu hawa hawakulipwa na mtu. Wengi walikuwa na kazi zao za mchana.

Ni kweli pia kwamba sikio hupotoka. Mtu akishaambiwa sauti ni feki, huanza kusikia ufeki hata mahali usipokuwepo, na baadhi ya mashabiki walizitilia shaka nyimbo ambazo baadaye zilithibitika ni za Jackson mtupu. Mwimbaji wa miaka 49, aliyechoka, katika chumba kisicho na maiki ya Swedien, hatarajiwi kusikika kama kijana wa "Thriller". Hoja hiyo ya upande wa pili ina uzito. Lakini yenye uzito zaidi ni ile ya kwanza: anayeuza ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha, na ushahidi ambao ungemaliza ubishi kwa dakika tano, yaani kanda ghafi, haukuwekwa mezani.

Juni 2014 Vera Serova, shabiki wa California, alifungua kesi kwa niaba yake na wanunuzi wenzake. Aliishitaki Sony, mirathi, Cascio, Porte na kampuni yao ya Angelikson Productions. Kesi za namna hii zilikuwa na mtangulizi: Novemba 1990 ilipofichuka kwamba vijana wawili wa Milli Vanilli hawakuimba hata neno kwenye albamu yao, walinyang'anywa tuzo ya Grammy, na wanunuzi wa Marekani walikwenda mahakamani hadi wakapewa haki ya kurudishiwa sehemu ya fedha zao. Tofauti ni kwamba kwa Milli Vanilli mtayarishaji alikiri. Hapa hakuna aliyekiri, hivyo Serova alimtafuta George Papcun, mtaalamu wa uchunguzi wa sauti, ambaye ripoti yake ilihitimisha kwamba kuna uwezekano mkubwa sauti ya nyimbo hizo si ya Jackson.

Kesi hiyo ilijikita kwenye maandishi ya nyuma ya kava. Pale Sony iliandika kwamba albamu ina nyimbo tisa ambazo hazijawahi kutolewa, zikiwa na sauti iliyoimbwa na Michael Jackson, na kwamba zimekamilishwa hivi karibuni na watayarishaji waliotajwa. Hakuna "inasemekana", hakuna "kwa mujibu wa". Sony na mirathi walijitetea kwamba maneno hayo yanalindwa na uhuru wa kujieleza, kwa sababu ni maoni juu ya kazi ya sanaa na juu ya mzozo ambao wao wenyewe hawakuwa na ujuzi wa moja kwa moja kuhusu ukweli wake. Agosti 2018 Mahakama ya Rufaa ya California iliwakubalia. Siku hizo hizo habari zilienea duniani kwamba Sony imekiri nyimbo ni feki. Haikuwa hivyo. Wakili wake alikuwa amesema mahakamani kwamba hata ikichukuliwa, kwa ajili ya hoja tu, kuwa sauti si ya Jackson, bado kampuni haina kosa. Kati ya kauli hizo mbili kuna umbali mkubwa, na baadhi ya mashabiki walioeneza habari ile hawakuutenda vyema ukweli walioupigania.

Serova alipanda hadi Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo. Mwanzoni mwa Julai 2022, kabla ya hukumu, nyimbo tatu za Cascio ziliondolewa kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni. Sony na mirathi walisema hatua hiyo haihusiani na uhalisi wa sauti. Waliona ni njia nyepesi ya kuachana na mjadala huo. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba pande hizo zimefikia suluhu. Kisha, Agosti 18, 2022, majaji wakatoa uamuzi wao hata hivyo: maandishi ya nyuma ya kava na tangazo la albamu ni lugha ya biashara, na muuzaji hawezi kujificha nyuma ya hoja kwamba hakujua. Ukiandika kwenye bidhaa kwamba aliyeimba ni fulani, unawajibika kwa neno lako kama muuzaji wa bidhaa nyingine yoyote.

Ziko njia za heshima za kufanya biashara hii, na baadhi zimejaribiwa. Mwaka 2014 mirathi hiyo hiyo ya Jackson ilitoa "Xscape", nyimbo nane zilizovalishwa muziki mpya na Timbaland na wenzake, lakini toleo kubwa la albamu liliambatanisha rekodi za awali kama Jackson alivyoziacha. Msikilizaji aliweza kusikia kilichokuwepo na kilichoongezwa. Ubishi wa sauti haukuzuka.

Mfano bora zaidi unamhusu mtoto wa Zanzibar. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe Septemba 5, 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, aliendelea kurekodi Montreux, Uswisi, hadi mwili ulipomgomea. Mei 1991 alikuwa akiimba "Mother Love". Ilipofika beti ya mwisho alisema amechoka, atarudi kuimalizia. Hakurudi, alifariki Novemba 24, 1991. Albamu ya "Made in Heaven" ilipotoka mwaka 1995, beti hiyo iliimbwa na Brian May, mpiga gita wa kundi lao la Queen, kwa sauti yake May, bila kuiga. Msikilizaji anausikia mpaka: hapa Freddie ameishia, hapa rafiki yake ameendelea. Kumpata mwigaji mzuri hakungekuwa kazi ngumu kwa Queen. Hawakutaka.

Mercury na Jackson wenyewe walikuwa na nyimbo walizozianza pamoja nyumbani kwa Jackson, Encino, mwaka 1983. Mmoja wao, "There Must Be More to Life Than This", ulitolewa rasmi mwaka 2014 kwenye albamu ya "Queen Forever", wote wawili wakiwa marehemu. Mashabiki walikuwa wakiujua kwa kanda za magendo kwa miaka mingi. Ulipotoka, hawakuuliza ni nani anayeimba. Walibishana tu kama mchanganyiko mpya ni mzuri kuliko wa zamani, na huo ni ubishi wa kawaida wa watu wanaopenda muziki.

Sasa mambo yamekuwa magumu zaidi. Novemba 2023 The Beatles walitoa "Now and Then" baada ya programu ya kompyuta kuitenga sauti ya John Lennon na kinanda kwenye kaseti ya zamani ya nyumbani. Miezi saba kabla, wimbo wa "Heart on My Sleeve" ulizagaa mtandaoni ukiwa na sauti za Drake na The Weeknd ambazo hakuna hata mmoja wao aliyeziimba. Zilitengenezwa na akili bandia. Teknolojia zinakaribiana, lakini moja ilisafisha sauti iliyokuwepo na nyingine ilizua isiyokuwepo. Wasimamizi wa mirathi kote duniani, wakiwemo wa wanamuziki wetu ambao kanda zao zimelala kwenye maghala ya redio, watashawishiwa na zote mbili. Mashabiki hawatakuwa na mtetemo wa kupima, kwa sababu mashine itauiga na huo.

Hadi leo hakuna mahakama iliyotamka ni nani aliyeimba "Breaking News", "Monster" na "Keep Your Head Up". Suluhu ya 2022 iliifunga kesi bila kulijibu swali. Nyimbo tisa nyingine za fungu lile hazijawahi kutolewa rasmi. Kama kanda ghafi za New Jersey zipo, waliozishika wazitoe zisikilizwe. Na kama hazipo, waseme hivyo waziwazi, kwa sababu watu waliolipia albamu ile bado wanasubiri jibu.